Mstari wa Chaki katika Nchi ya Ridhaa

Namna nilivyofika Ridhaa haina maana kwa msomaji, na hata ingekuwa nayo nisingeisema, maana watu wangu wa Korogwe wakishaijua njia watakwenda kushangaa huko na kazi zitalala. Mimi nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na saba. Kazi yangu ilikuwa kuandika kilichosemwa, si kukielewa, na nashukuru kwa mazoezi hayo, kwa sababu siku tatu nilizokaa katika nchi ile niliandika mengi na kuelewa kidogo mno. Mkiniuliza nani alikuwa na haki, nitawajibu. Mkiniuliza imekuwaje haki ile ikashindwa mbele ya watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaosalimiana vizuri na kuoga kila siku, hapo mtanisamehe.

Sheria mama ya Ridhaa ni fupi: sheria yoyote isimkere mtu yeyote. Imechongwa kwenye jiwe mbele ya Nyumba ya Mapatano. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda, nikajisemea hawa ndio waliostaarabika. Kisha mwenyeji wangu, Bwana Pazi, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni, akanipeleka kuona daraja. Nusu ya wananchi walilitaka daraja lile na nusu hawakulitaka, basi likajengwa mpaka katikati ya mto likaachwa hapo hapo. Ni daraja zuri la zege, lina taa na vyuma vya kushikilia. Watu wanatembea mpaka katikati, wanatazama ng'ambo, wanageuka.

"Na mwenye shida ya kuvuka?" nikamuuliza.

"Anaogelea," akasema Bwana Pazi, "lakini nusu tu." Alilisema kwa fahari, nami nikaandika.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku ya pili Bwana Pazi alinichukua kazini kwake. Cheo chake ni Mkaguzi wa Mstari, na mahali pake pa kazi ni ukumbi mkubwa wa kuchezea pool, maana watu wa Ridhaa wanaupenda mchezo huo kama sisi tunavyopenda misiba ya watu wenye pilau. Mlangoni palikuwa na kibao cha rangi ya samawati: NI MARUFUKU KUVUTA SIGARA HUMU NDANI, ISIPOKUWA KWA WANAOVUTA. Nilikisoma mara tatu. Nilivua miwani, nikaifuta, nikakisoma tena.

Ndani palikuwa na meza nane zenye kitambaa cha kijani kibichi, kimenyooshwa vizuri kabisa bila kunyanzi. Sakafuni, katikati ya ukumbi, palichorwa mstari mweupe kwa chaki ile ile wachezaji wanayopaka kwenye ncha za fimbo zao. Mstari ulikwenda mpaka ukutani, ukapanda ukuta, ukapita darini, ukashuka upande wa pili. Kushoto kwake meza nne, na moshi mzito wa kukata kwa kisu. Kulia meza nne, na watu wasiovuta. Katikati hapakuwa na ukuta, wala pazia, wala hata kamba.

"Ukuta ungewakera wanaopenda kutazama mchezo wa upande wa pili," Bwana Pazi alinieleza. "Mstari haumkeri mtu. Sheria inasema moshi usivuke."

"Na ukivuka?"

Kabla hajajibu, wingu moja la moshi lilianza kusogea taratibu kuelekea kulia. Bwana Pazi alipiga filimbi, akanyoosha mkono kama trafiki, akapaza sauti: "Rudi! Nimekuona! Rudi kwenu!" Moshi ukapita kichwani kwake. Akatoa daftari, akatazama saa, akaandika. Aliniambia kwa uchungu kwamba tangu mwezi uanze moshi umevunja sheria mara mia nne na kumi, na haujajitetea hata mara moja.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, lakini mgeni ana adabu zake. Nikasema tu, "Loo, pole na kazi."

Hapo ndipo nilipomsikia mtu anakohoa. Hakikuwa kikohozi cha mafua. Kilianzia mbali, kikamkunja mwenye nacho, ndiyo kwanza ametoka kwenye meza za moshi, mpaka akashika ukingo wa meza ya upande wa kulia, kikaisha kwa mluzi mwembamba kifuani. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni, mkononi ana ile pembetatu ya mbao ya kupangia mipira. Alipotulia alinisogelea akaniamkia.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu. Usinishangae, nimeshazoea."

"Marahaba, mama. Kikohozi nacho mtu anakizoea?"

"Chenyewe ndicho kimenizoea mimi," akasema, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka kwa sababu kicheko kilikuwa kinaelekea kukohoa tena.

Jina lake Bi. Sikitu. Miaka kumi na miwili ndiye aliyekuwa akipanga mipira meza zote nane, na vile vitambaa nilivyovisifu alivivalisha kwa mikono yake. Mchezo ukiisha, mchezaji huinua fimbo juu na kuita, "Sikitu! Meza ya tatu!" naye huenda, hukusanya mipira, huipanga ndani ya pembetatu, huinyanyua bila mpira hata mmoja kutikisika. Meza ya kwanza hadi ya nne ni za moshi. Ya tano hadi ya nane ni za hewa. Kwa hiyo kutwa nzima, watu wengine wakiwa wamechagua upande wao, yeye alikuwa akivuka mstari kwenda na kurudi.

"Nimekwenda kwa daktari," akaniambia. Alizungumza kwa vipande vipande, akivuta pumzi katikati. "Kanipima, kaniuliza, mama unavuta pakiti ngapi? Nikamwambia, daktari, sijawahi kutia sigara mdomoni tangu nizaliwe. Hakuniamini. Alipoamini akaniambia, ukikaa kwenye moshi huo mpaka masika yajayo, hutaweza kupanda ngazi tatu bila kukaa chini. Nina ngazi saba nyumbani, mzee wangu."

"Sasa?"

"Sasa leo nimeleta maombi. Baraza la Mapatano linakuja alasiri hii. Sijaomba kikubwa. Nimeomba wanaovuta wavutie pale." Akanyoosha kidole dirishani.

Nikatoka kwenda kutazama. Kulikuwa na uwanja mdogo wenye kivuli, mabenchi mawili, na bati la kuzuia mvua. Kutoka meza ya kwanza mpaka kwenye benchi nilihesabu hatua kumi na mbili, na mimi nina miguu mifupi. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikarudi ndani nikamwendea mvutaji wa meza ya kwanza, Bwana Dachi, jitu la miraba minne lenye sauti ya upole. Nilimuuliza kwa nini asivutie nje.

"Nje?" akashangaa. "Mzee, nje hakuna meza. Sigara tamu ni ile unayovuta mwenzako akikosa shimo."

"Na huyu mama anayekohoa?"

Uso wake ukabadilika, tena kwa kweli, sikuona unafiki. "Sikitu ni dada yetu. Nani anamtakia mabaya? Juzi nilimletea tangawizi na asali." Akavuta, akapuliza, akapunga mkono kuusogeza moshi pembeni ili usimfikie. Ulimfikia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia mtu yule na akaninyima sababu.

Baraza lilifika alasiri. Mkuu wake, Mheshimiwa Mwinyikondo, ni mzee mnene mwenye tabasamu lisilozimika. Kiti chake kiliwekwa juu ya mstari wenyewe, miguu miwili ya kiti huku na miwili kule, naye akaketi kwa uangalifu ili mwili wake ugawanyike sawasawa. Huko kwetu hakimu akiingia watu wanasimama. Ridhaa watu wanaendelea kucheza, maana kusimamisha mchezo kungewakera. Basi shauri zima la kifua cha mtu lilisikilizwa huku mipira ikigongana na watu wakiita, "Sikitu! Meza ya sita!" na mwombaji analazimika kukatiza maelezo yake kwenda kupanga.

Kila aliyesema alipigiwa makofi matatu. Bi. Sikitu alieleza habari za daktari, makofi matatu. Bwana Dachi alieleza habari ya utamu wa sigara, makofi matatu. Mchezaji mmoja wa upande wa hewa akasema yeye hana shida na mtu, ila moshi unamwingia kwenye chai. Makofi matatu. Sikujua tena jambo zito ni lipi na jepesi ni lipi. Nilijaribu kuandika kwa mpango nikashindwa.

Kisha wajumbe wakaanza kutoa mapendekezo. Mmoja alitaka mstari usogezwe hatua moja. Mwingine alitaka uchorwe mnene zaidi, labda moshi hauuoni. Wa tatu, kijana msomi, alikumbusha kwamba mwaka juzi walijaribu sheria ya kuvutia ndani na kupulizia nje, na kwa wiki mbili wanaume wazima walikuwa wakikimbia kwenda mlangoni mashavu yamevimba, mpaka wawili wakagongana vichwa. Watu wakacheka kwa kumbukumbu hiyo. Hata Bi. Sikitu alicheka, na kikohozi kikamshika, wakasubiri amalize. Walisubiri kwa heshima kabisa.

Nikashindwa kuvumilia. "Waheshimiwa," nikasema, "mimi ni mgeni tu. Lakini benchi liko hatua kumi na mbili. Nimezihesabu."

Makofi matatu.

"Umesema vizuri, mgeni wetu," akasema Mheshimiwa Mwinyikondo. "Lakini kumwambia mtu atoke ni kumkera. Wewe ungependa kuambiwa toka?"

"Ningeambiwa nimwache mtu apumue, ningetoka mbio!"

"Ndiyo, lakini ungetoka umekereka," akasema kwa huruma, na wajumbe wote wakaitikia kwa vichwa. Jamani! Niliketi. Nilihisi kama mtu anayesukuma mlango ambao haukujengewa nyumba.

Ndipo Bwana Pazi alipoinuka na daftari lake. Alisema ana jambo zito. Kwa mwezi mzima amefuatilia jinsi moshi unavyofika upande wa kulia. Mwingi unapita juu, huo ameushindwa. Lakini upo mwingine. Upo moshi unaovuka chini chini, ndani ya mtu. Kuna mtu mmoja tu ukumbini humu anayeuvuta upande wa kushoto na kuutoa upande wa kulia, mara sitini kwa siku, naye ana ushahidi.

Ukumbi ulinyamaza kwa mara ya kwanza. Hata mipira ilitulia. Bi. Sikitu alitazama nyuma yake kuona nani anasemwa.

"Mgeni," Bwana Pazi akanigeukia, "wewe ulikuwa karani wa mahakama. Huwezi kusema uongo. Leo asubuhi ulimwona Bi. Sikitu akikohoa?"

"Nilimwona."

"Alikuwa upande gani wa mstari?"

Nilifikiri. Alikuwa ameshika meza ya tano. "Wa kulia," nikasema.

"Na kabla ya hapo alikuwa wapi?"

"Bwana Pazi, huyu mama anaumwa! Anakohoa kwa sababu..."

"Kabla ya hapo alikuwa wapi?"

"Kushoto. Alikuwa anapanga mipira yenu!"

"Nashukuru," akasema, akaandika. Makofi matatu, na haya yalikuwa yangu. Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisema kweli tupu, neno kwa neno, na kweli ile ilimgeuza mgonjwa kuwa mtuhumiwa mbele ya macho yangu. Mpaka leo ninapoandika haya sijui ningesema nini kingine. Nimelijaribu jibu hilo usiku na mchana kwa namna kumi, na kila namna inaishia pale pale.

Baraza lilinong'ona kwa muda mfupi, kisha Mheshimiwa Mwinyikondo akatoa hukumu, bado anatabasamu.

"Wanaovuta wabaki na sigara zao. Wasiovuta wabaki na upande wao. Bi. Sikitu abaki na kazi yake, maana tunampenda na hakuna apangaye kama yeye. Ila kuanzia sasa asivuke mstari na pumzi ya upande wa kushoto. Pumzi aliyoichukua kushoto aiache kushoto. Au asiichukue kabisa. Kila mtu amepata nusu."

"Mheshimiwa," akasema Bi. Sikitu. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Mimi sikupata nusu ya kitu. Kifua hakina nusu."

Mheshimiwa aliinama mbele, akamjibu kama mtu anayempa mwenzake habari njema.

"Kinayo, mama. Mapafu ni mawili."

Ukumbi mzima ukapumua kwa faraja. Watu wakapiga makofi, wakampongeza mzee kwa hekima, Bwana Dachi akafuta machozi. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta hata mmoja anayecheka, nijue kwamba ni mzaha. Hakuna.

Nilimfuata Bi. Sikitu uwanjani. Alikuwa ameketi kwenye lile benchi, viganja magotini, anapumua polepole kama mtu anayekunywa maji ya moto. Nilimwomba radhi.

"Wewe hukukosa, mzee wangu. Ulijibu ulichoulizwa."

"Acha kazi hii, mama. Ondoka. Watakuua hawa, tena huku wanakupigia makofi!"

"Niende wapi? Kila ukumbi Ridhaa una mstari." Akatazama mikono yake. "Halafu ni kazi yangu. Vitambaa vile nimevipiga misumari mwenyewe, na meza ya nne ilikuwa imelala upande, nimeinyanyua kwa vipande vya mbao mpaka mpira ukaacha kukimbia. Kwa nini niondoke mimi? Mimi ndiye nisiyevuta." Hapo alikasirika, nami nilifurahi kumwona amekasirika, kwani ndiye mtu wa kwanza kukereka niliyemwona katika nchi ile.

Ndani mtu akaita: "Sikitu! Meza ya tatu!"

Nilidhani hatainuka. Aliinuka. Akakaza kanga kiunoni, akasimama mlangoni, akavuta pumzi ndefu ya uwanjani mpaka mabega yakapanda, akafunga mdomo, akaingia. Nilisimama dirishani. Alitembea moja kwa moja ndani ya moshi mashavu yamekaza, akakusanya mipira kumi na mitano, akaipanga, akanyanyua pembetatu. Hakuna uliotikisika. Kisha akageuka akarudi kwa haraka, na alipofika nje pumzi ikamtoka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Bwana Pazi alikuwa amesimama juu ya mstari na saa yake mkononi. Aliandika: sheria imefuatwa.

"Sikitu! Meza ya kwanza!"

Akavuta, akaingia. Safari hii watu waliacha kucheza wakamtazama. "Bana pumzi hivyo hivyo, dada!" Bwana Dachi akamtia moyo, akiishika sigara yake mbali naye kwa mkono ulionyooka. Alipotoka wakamshangilia. Mheshimiwa Mwinyikondo, akiondoka na baraza lake, alinishika bega dirishani. "Umeona, mgeni? Ukienda kwenu waambie. Hakuna aliyekereka."

Nilikaa pale mpaka jua likaanza kulegea. Sikuwa na la kufanya. Nilijaribu kusimama uwanjani na kikombe cha maji ili akitoka anywe, lakini maji yalimpotezea muda, akanirudishia. Sijui ni mara ya ngapi hiyo, alipoitwa meza mbili kwa pamoja, ya pili na ya nne. Alinitazama. Akavuta pumzi. Bila kukusudia nami nikavuta yangu, nikafunga mdomo, nikamfuata kwa macho kupitia dirishani: mipira ya meza ya pili, mmoja mmoja, ile yenye milia na ile isiyo na milia, akiibiringisha kwa viganja. Kifua changu kilianza kuwaka. Akashika pembetatu. Macho yangu yakaingia machozi. Akainyanyua, akageukia meza ya nne, na hapo mimi, mzee mzima, mwenye mapafu yangu yote mawili, nikashindwa, nikaachia pumzi yangu huko nje kwenye hewa safi.

Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaokota mpira wa kwanza.